Maswali ya Wasomaji: Mfuko wa Ndani wa Pipa la Nepi

Barua tulizochagua safari hii zinahusu pipa la nepi lenye mfuniko wa kuzuia harufu, na karibu zote zinalilaumu pipa. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba pipa lenyewe lina kazi ndogo: linaushika mfuko na kuubana. Kinachozuia harufu ni ule mfuko wa ndani, yaani umetengenezwa kwa plastiki gani, umekaaje na umefungwaje. Anayejua kuubadilisha vizuri ana nusu ya majibu mkononi.

Nepi zinakwama shingoni

*Nimeweka kaseti mpya kwa mara ya kwanza. Nepi mbili ziliingia vizuri, ya tatu ikabaki shingoni na mfuniko ukagoma kufunga. Nimekosea wapi?*
*Mama wa Mapacha*

Hongera kwa mapacha, mama. Kwa dalili ulizotaja, fundo lako liko juu mno. Mfuko unaning'inia katikati ya pipa badala ya kufika chini, nepi zinarundikana karibu na taya, yaani vile vibamba vyenye springi vinavyoubana mfuko shingoni mwa pipa, na taya zikishindwa kukutana mfuniko nao haushuki.

Ukielewa kaseti ilivyoundwa hutarudia kosa hilo. Ni duara la plastiki lenye tundu katikati, na ndani yake umekunjwa mfuko mmoja mrefu sana, ulio wazi pande zote mbili kama mkono wa shati. Hauna kitako. Kitako unakitengeneza wewe kwa fundo, kila mara unapoanza mfuko mpya.

Anza na pipa tupu, lililofutwa na kukauka. Toa kaseti iliyokwisha na upitishe kitambaa kwenye ukingo inapokaa, kwa sababu chembe ndogo ya uchafu hapo inatosha kuinua kaseti mpya upande mmoja. Tazama upande wa juu wa kaseti: mara nyingi una mshale au maandishi, na mfuko unapaswa kutokea juu, upite tundu la katikati kwenda chini. Ukiigeuza, mfuko utakwaruzwa na ukingo na kuchanika kila unapovutwa. Ibonyeze kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka ilale sawasawa. Usikate karatasi wala utepe unaoshika mikunjo kabla kaseti haijakaa mahali pake. Mikunjo ikifumuka mkononi hairudi tena ilivyokuwa.

Sasa vuta mfuko kama sentimita 30, ubane kwa kiganja kutoa hewa, kisha piga fundo. Piga mara mbili. Plastiki hii huteleza, na fundo moja hulegea uzito unapoongezeka. Acha mkia wa sentimita 5 hadi 8 chini ya fundo. Lipitishe fundo kwenye tundu na kati ya taya, fungua mlango wa chini au inua sehemu ya juu ya pipa, na uvute taratibu kutoka chini mpaka fundo liguse kitako cha pipa. Liguse tu. Funga, kisha fungua na kufunga mfuniko mara mbili bila nepi. Ukisikia ugumu, kuna mkunjo wa mfuko ulionaswa kwenye bawaba au kwenye taya; utoe kabla ya kuendelea, maana taya zenye springi hutoboa plastiki iliyokunjamana.

Kuhusu nepi zilizokwama sasa, usiingize mkono kati ya taya. Fungua chini, shika mfuko na uvute kwa upole, nepi zitateremka pamoja nao.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa ya kwako ni mapacha na nepi ni nyingi. Kinyesi kigumu kidondoshwe chooni kwanza. Kisha kunja nepi kutoka mbele kwenda nyuma iwe kama ngumi, uifunge kwa vibandiko vyake yenyewe. Nepi iliyofungwa hivyo hupita tundu bila kusukumwa sana. Iliyo wazi hujitandaza shingoni, na mfuko uwe mrefu kiasi gani, hautakusaidia.

Kaseti inakwisha upesi

*Pakiti inadai kaseti itachukua nepi nyingi kuliko ninazopata. Wananidanganya?*
*Baba Anayehesabu*

Hesabu ya pakiti kwa kawaida huchukulia nepi ndogo za mtoto mchanga, zilizokunjwa vizuri, na pipa linalojazwa kabisa kila mara. Mtoto akikua, nepi moja huchukua nafasi ya mbili au zaidi. Lakini kabla ya kulaumu pakiti, pima unachotumia kila unapomwaga.

Tuseme pipa lako lina kina cha sentimita 45. Fundo la chini na mkia wake huchukua kama sentimita 10, na sehemu ya juu ya kufungia unapokata huchukua 15. Jumla ni sentimita 70 kwa mfuko mmoja. Kaseti yenye mita 14 itakupa mifuko 20. Ukizoea kuvuta sentimita 30 za ziada "kwa usalama", kila mfuko unakula mita nzima na unabaki na mifuko 14. Sita imepotea bure, na hiyo plastiki ya ziada hujikunja kando ya pipa, inanaswa mlangoni na kuacha upenyo.

Kuna upotevu wa pili ambao hauonekani: kubonyeza. Ukisukuma nepi kwa nguvu ili kupata nafasi, unavuta mfuko mwingine kutoka kwenye kaseti. Mfuko uliokuwa sawa asubuhi unakuwa umelegea jioni. Sukuma mpaka nepi ipite taya, basi.

Utajua kaseti inakaribia kwisha inapokuwa nyepesi na mikunjo yake ikiwa michache. Mwisho wa mfuko ukichomoka wenyewe na pipa bado halijajaa, usijaribu kuunganisha na mfuko mpya kwa gundi ya karatasi. Haishiki plastiki yenye unyevu. Ufunge kwa juu, uutoe, uanze upya.

Nimebadilisha mfuko, harufu iko palepale

*Kila kitu ni kipya lakini chumba kinanuka. Nimeweka na vidonge vya manukato. Naomba msaada.*
*Mlezi*

Ndugu mlezi, vidonge vya manukato vitoe leo. Havizuii harufu, vinaifunika, na pua ya mtoto inavuta vyote viwili. Vikishatoka utaweza kujiuliza swali linalofaa: harufu inakuja wakati gani?

Ikiwa inakuja wakati wote, hata pipa likiwa limefungwa saa nyingi, basi inapenya. Inaweza kupenya kwenye mpira wa kuzibia mfuniko. Uchomoe kama unachomoka, uuoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uukaushe, kisha uutazame kwa pembeni. Mpira uliolala bapa sehemu moja hauzibi tena na unahitaji mwingine. Kipimo chepesi ni kipande cha karatasi: kibane chini ya mfuniko na ukivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo ndipo pana mwanya. Zunguka mfuniko mzima hivyo, kila baada ya upana wa kiganja.

Inaweza pia kupenya kwenye plastiki yenyewe, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mifuko mingi ya kawaida ni ya polithini. Polithini huzuia maji vizuri sana, lakini gesi nyingi zenye harufu hupita ndani yake polepole, bila tundu lolote. Ndiyo maana kaseti nzuri huwa na tabaka kadhaa: polithini nje, polithini ndani, na katikati tabaka jembamba la plastiki nyingine inayozuia gesi. Hiyo ya katikati hupungukiwa nguvu ikilowa, ndiyo sababu inafichwa kati ya nyingine mbili. Kwa macho huwezi kuitambua.

Unaweza kuijaribu, lakini. Dondoshea pamba tone mbili za mafuta ya mnanaa, ifunge ndani ya kipande cha mfuko kwa mafundo mawili, nawa mikono, kisha weka kifurushi hicho kwenye chupa safi ya kioo yenye kifuniko. Fungua asubuhi na unuse. Mfuko wa polithini tupu utakuwa umeijaza chupa mnanaa. Ule wenye tabaka la kuzuia utaacha harufu hafifu au isiwepo kabisa. Jaribio hili linakupa jibu ambalo maneno "huzuia harufu" kwenye pakiti hayawezi kukupa.

Ikiwa harufu inakuja pale tu unapofungua mfuniko, uchafu umekaa siku nyingi. Bakteria huivunja urea iliyo kwenye mkojo ikawa amonia, na kadiri chumba kilivyo na joto ndivyo kazi hiyo inavyokwenda haraka. Mwaga kila baada ya siku 2 au 3 hata kama pipa halijajaa. Ndiyo, utatumia plastiki zaidi. Hapo sisi tungekubali gharama hiyo.

Na ikiwa inanuka hata likiwa tupu, basi ni pipa lenyewe. Plastiki ya pipa hunyonya harufu, hasa pale palipovuja siku nyingi chini ya kaseti. Toa kaseti na kichujio cha mkaa, osha kwa sabuni na maji ya moto kiasi, suuza vizuri. Changanya vijiko vitatu vya bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuumulia keki, na maji kidogo iwe uji mzito. Paka ndani, acha nusu saa, suuza. Lianike juani likiwa wazi mpaka likauke kabisa, hata kwenye bawaba. Ukitaka kuua vijidudu, tumia dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5: mililita 20 kwa lita 1 ya maji, dakika 10, kisha suuza. Lakini ifanye baada ya sabuni na kusuuza, kamwe si kabla. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini inayochoma macho na mapafu. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni mbaya zaidi. Fungua madirisha, na usichanganye chochote na dawa hiyo isipokuwa maji.

Kichujio cha mkaa kina nafasi yake, ila kina mpaka. Mkaa hushika harufu nyingi mpaka nafasi zake zijae, na ukilowa kazi inashuka. Kuuosha hakuurudishi. Bikaboneti iliyonyunyizwa chini ya pipa husaidia kwa harufu za uchachu, zile zenye tindikali. Kwa amonia haina nguvu ya maana, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Kaseti ya kampuni nyingine, au mfuko wa kawaida

*Kaseti za pipa langu ni adimu. Naweza kutumia nyingine, au nitumie tu mifuko ya taka ya jikoni?*
*Mama wa Watatu*

Kaseti ya kampuni nyingine inawezekana ikitimiza mambo matatu: inalala bapa kwenye ukingo wake, haichezi ukiisukuma kwa kidole, na mfuniko unafunga bila kulazimishwa. Ikiinuka hata milimita 3 upande mmoja, mfuniko hautaziba. Angalizo: kuna mapipa ambayo kaseti yake lazima izunguke, kwa kuwa unaufunga mfuko kwa kuusokota baada ya kila nepi. Kwa hayo, kaseti inayokaa imara bila kuzunguka ndiyo isiyofaa. Soma maelekezo ya pipa lako ujue ni la namna gani kabla hujanunua pakiti kubwa.

Mfuko wa kawaida nao unaweza kutumika, na kaseti tupu usiitupe kwa sababu ndiyo itakayoushika. Pitisha mdomo wa mfuko ndani ya duara la kaseti, uukunje kuelekea nje kuzunguka ukingo, kisha rudisha kaseti mahali pake ili iubane. Upana ndio unaowashinda watu. Pima kipenyo cha kaseti. Kikiwa sentimita 25, mzunguko wake ni 25 mara 3.14, yaani sentimita 78.5. Mfuko ukiwa umelazwa bapa unatakiwa uwe na upana wa angalau nusu ya hiyo, karibu sentimita 40. Tafuta wa 42 hadi 45 ili ukunjike bila kunyooshwa, kwa sababu plastiki iliyonyooshwa ukingoni huchanika siku ya kwanza. Urefu uwe kina cha pipa na sentimita 25 zaidi. Unene usipungue maikroni 20, yaani milimita 0.02.

Unachopoteza ni lile tabaka la kuzuia gesi. Mfuko wa kawaida ndani ya pipa lenye taya nzuri bado ni bora kuliko ndoo ya wazi, ila umwage kila siku au kila baada ya siku mbili. Na mapipa ya chuma yenye mfuniko wa kuteleza yametengenezwa kwa mifuko ya kawaida tangu mwanzo. Chuma hakinyonyi harufu, na ukitunza mipira yake vizuri huenda usihitaji kaseti kabisa. Kwa mtu ambaye kaseti ni adimu kwake, tungependekeza aangalie huko.

Kikatio hakikati

*Kile kisu kidogo cha ndani kimekuwa butu. Kinavuta mfuko badala ya kuukata.*
*Msomaji*

Mara nyingi hakijawa butu, kimeziba. Nta na vumbi la plastiki hujikusanya kwenye ufa wake. Kisafishe kwa kijiti chenye pamba iliyoloweshwa spiriti, kamwe si kwa kidole. Unapokata, acha mfuniko na taya zimefungwa, shika mfuko ukiwa umekazwa kama sentimita 15 juu ya uchafu, uupitishe kwenye kikatio kwa mwendo mmoja. Ukisitasita unachanika mshazari na hubaki na pa kufungia. Funga wa chini mara mbili na uutoe. Wa juu upige fundo jipya papo hapo kabla hujafunga mlango. Hapo ndipo watu husahau, na nepi inayofuata hudondoka moja kwa moja chini ya pipa. Kikikataa bado, tumia mkasi wenye ncha butu.

Nepi za mtu mzima

*Namuuguza baba nyumbani. Pipa la mtoto litafaa?*
*Binti*

Pole, dada, na kazi hiyo ni kubwa. Pipa la mtoto halitafaa kwa muda mrefu. Tundu lake ni dogo, na nepi ya mtu mzima iliyolowa inaweza kufika kilo moja; tano tu zinatosha kulifungua fundo au kuchana mfuko pale taya zinapoubana. Tafuta pipa kubwa lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au la chuma lenye mfuniko wa kukanyaga, na umwage kabla uzito haujapita kilo 5. Pima tundu dhidi ya nepi iliyokunjwa na kufungwa, usipime pakiti yake.

Vaa glavu, funga mfuko kwa kushika nje tu, nawa mikono hata kama ulivaa glavu. Usiukandamize mfuko kutoa hewa ukiwa umeinamia. Geuza uso pembeni. Sindano, vipimo vya sukari na vipande vya kioo visiingie humo hata kimoja, vina chombo chao kigumu. Na ikiwa baba yuko kwenye dawa za saratani, mkojo na kinyesi chake hubeba mabaki ya dawa kwa takriban saa 48 baada ya kila dozi. Siku hizo tumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na waulize wauguzi wake namna ya kuitupa, kwa kuwa maelekezo hutofautiana na dawa.

Mchanga wa paka

*Natumia pipa la aina hiyo kwa mchanga wa paka. Taya hazikutani tena.*
*Mfuga Paka*

Ni vumbi. Mchanga unaoganda huacha unga mzuri kwenye springi na bawaba, na unga huo ukipata unyevu unakuwa kama saruji. Futa ukiwa mkavu kwa brashi ya meno ya zamani, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na ukaushe kabla ya kurudisha kaseti. Bonge la mkojo lipe dakika 15 ligande kabla ya kulichota. Likiwa bichi hujipaka shingoni mwa pipa na mfuko wote hunata. Mchanga ni mzito kuliko nepi, kwa hiyo jaza nusu tu.

Chota kila siku. Kimelea cha toksoplasma, paka akiwa nacho, hutoka na kinyesi kikiwa bado hakiwezi kuambukiza, kisha huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kinyesi kilichochotwa na kufungwa mfukoni ndani ya siku moja hupunguza sana hatari hiyo nyumbani. Kama yuko mjamzito katika nyumba, kazi ya kuchota na ya kubadilisha mfuko ifanywe na mtu mwingine. Kama hayupo wa kumsaidia, avae glavu na anawe mikono baadaye.